Ngazi Gani?

Ndugu yangu Tobias Okinyi alizikwa Jumamosi, na siku hiyo hiyo chuo alichokitumikia miaka kumi na minne kilisema kwamba alikuwa nguzo ya kwaya ya akina mama.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, nyumbani Ugenya, chini ya hema. Mwalimu Waithaka, mkuu wa idara ya Kiswahili, alisimama na karatasi yenye nembo ya chuo akasoma kwa sauti ya kanisani: "Tutamkosa sana jikoni, na tutamkosa zaidi katika kwaya ya akina mama." Watu waliangaliana. Shangazi yetu mmoja alishika mdomo kwa leso, sijui alikuwa analia au anacheka. Waithaka hakusita. Alisoma mpaka mwisho, akakunja karatasi, akaketi.

Baadaye nilielewa. Ile ilikuwa risala ya Namalwa, mpishi wa kantini aliyetangulia mwaka uliopita. Walifuta jina lake, wakaweka la Tobias, wakaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwauliza watu "umeipata wapi?" alizikwa kwa maneno ya kunakili.

Naandika haya nisisahau. Naitwa Caren Awuor. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na kazi yangu katika maktaba ya chuo hicho, orofa ya nne, nyuma ya Moi Avenue, ni kurudisha vitabu kwenye rafu. Tobias ndiye aliyekuwa mkutubi. Tulizaliwa wawili tu.

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana alikuwa akiwafundisha wanafunzi jinsi ya kutafuta. Hakulipwa zaidi kwa hilo na hakuna aliyemwomba. Alichukua karatasi zilizochapishwa upande mmoja, akazikata mara nne, na kila kipande akakiita risiti. Mwanafunzi akitaka kuandika jambo lolote katika utafiti wake, kwanza alijaza risiti: nimesema nini, nimeipata wapi, ukurasa gani, nani mwingine anasema hivyo. Tobias alisoma kila moja na kuandika maswali kwa kalamu ya kijani. Kisha risiti iliingia kwenye droo, chini ya jina la mwenyewe, ikakaa huko hata baada ya utafiti kukubaliwa.

"Bila risiti wewe ni mwizi ama ni nabii," aliwaambia. "Na manabii hawalipi karo hapa."

Debra Wamucii alikuja Jumatano moja ya mwezi wa kwanza. Ni msichana wa Mountain View, mwembamba, anayeongea kama mtu anayekimbizwa. Anasomea ualimu wa Kiswahili. Alitaka kuandika kuhusu watoto wa nyumba za kupanga Riruta: jioni wanafanyia wapi kazi za shule, na nyumba ni chumba kimoja.

"Mwalimu, nimetafuta mpaka macho yanauma. Hakuna kitu."

"Umetafuta nini?"

Alimgeuzia kompyuta. Alikuwa ameandika: watoto wa ploti za Riruta husomea wapi homework jioni.

"Hiyo ni barua," Tobias akasema. "Mashine haijibu barua. Ivunje. Toa maneno matatu tu."

"Watoto. Homework. Ploti."

"Ploti iondoe. Aliyeandika kitabu hakukaa ploti. Yeye alikaa mbali, akaandika 'makazi ya kipato cha chini'. Mtafute kwa lugha yake, ukimpata umjibu kwa yako."

Debra alicheka, akaandika, na majarida kumi na moja yakatokea. Tobias hakumruhusu hata kufungua la kwanza kabla hajasoma muhtasari wa yote na kusema ni matatu gani yanamfaa. Walikaa hapo mpaka saa kumi na moja. Kisha akamwambia, "Vitabu umepata. Sasa tafuta mtu mwingine, juu ya wale sita uliokwisha kuwahoji. Mtu naye ni chanzo, lakini yeye hana ukurasa, kwa hivyo andika kila kitu." Akanionyesha kwa kidole. "Huyu amekulia ploti ya Riruta. Muulize. Mimi natoka, nisije nikamsaidia kujibu."

Akaenda kununua chai.

Hivyo ndivyo nilivyohojiwa. Nilimweleza Debra kuhusu ploti ya Thuo, mabati mstari mmoja, vyumba kumi, na tangi la maji juu ya mbao uani. Thuo alikuwa ameweka balbu moja juu ya lile tangi ili watu wasimwibie maji. Ndani sisi tulikuwa na koroboi. Kwa hivyo kaka yangu alipanda ngazi ya tangi, akakaa kidato cha juu kabisa, akapitisha mguu mmoja katikati ili asianguke, na akasoma huko. Ngazi ilikuwa ya mbao, vidato saba. Cha tatu kilikuwa kimekatika, kikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Thuo akitoka kwenda chooni alimpigia kelele: "Wewe Okinyi, unasoma ama unakunywa maji yangu?" Na Tobias alijibu huko juu, "Nasoma, lakini kama kuna glasi nitakunywa."

Debra aliandika kila kitu kwenye daftari. Kwenye risiti akaweka sentensi moja, ile aliyopanga kuitumia: Mhojiwa wa Saba anasema, "Kaka yangu alikuwa akisomea kwenye ngazi, kwa sababu balbu ya ploti ilikuwa huko juu, na sisi ndani tulikuwa na koroboi."

Tobias alirudi na chai, akaisoma. Akaisoma tena. Hakusema neno kuhusu nani alikuwa juu ya ngazi hiyo. Alichukua kalamu ya kijani akaandika pembeni: Ngazi gani? Msomaji wako ataona jengo la orofa.

"Nitarekebisha, Mwalimu," Debra akasema.

Mwezi wa nne Tobias aliugua, na wiki mbili zikatosha kummaliza.

Wanafunzi sita walisafiri usiku kucha kuja kumzika. Debra alikuwa mmoja wao. Utafiti wake ulikuwa tayari, umeshachapwa kwenye saiba, duka la kompyuta la Kasyoki pale chini ya jengo letu, lakini tarehe ya kuuwasilisha ilikuwa wiki ile ya mazishi. Aliomba ruhusa, akapewa, akauwasilisha siku nane baada ya wenzake.

Mimi niliporudi kazini nilikuta droo tupu. Nilidhani wamezihamisha risiti. Nilimuuliza Lornah, anayefagia orofa yetu.

"Waliambia mtu wa karatasi kuukuu akuje, dada. Magunia mawili. Walisema ni takataka za marehemu."

Takataka za marehemu. Miaka kumi na minne ya mwandiko wake wa kijani. Siku tatu mfululizo nilinunua njugu kwa kila mchuuzi kati ya Moi Avenue na stendi, nikifungua karatasi walizofungia na kuzitazama kabla ya kula. Sikuona kijani popote. Njugu zilinijaa kwenye mkoba mpaka zikaoza.

Halafu Jumatano moja, saa ambayo Tobias angekuwa anafundisha, Debra aliingia maktabani bila kusalimia.

"Auntie Caren, wanasema nimeiba."

"Umeiba nini?"

"Utafiti wangu. Wanasema nimenakili wa Lenox. Mashine ya kukagua imesema inafanana sabini na moja kwa mia, na yake iliingia mbele. Ijumaa wanafunga orodha ya mahafali. Nisipokuwa ndani, ni kufukuzwa. Sio kurudia, Auntie. Kufukuzwa."

"Lenox gani?"

"Unaona? Hata humjui. Hajawahi kukanyaga hapa."

"Na daftari lako?"

"Mwalimu Waithaka amesema daftari naweza kuwa nimeandika jana. Ameniuliza, 'Risiti za Tobias ziko wapi?' Nikamwambia ziko kwenye droo." Akaigeukia droo. "Ziko, si ndiyo?"

Nikamfungulia droo aone.

Sikulala vizuri usiku huo, lakini haikuwa huzuni. Huzuni ninaijua sasa. Huwa nzito, inakaa kifuani. Hii ilikuwa inatembea. Chuo kilichotupa ushahidi kwenye gunia ndicho kilichokuwa kinamwambia mtoto wa watu alete ushahidi. Na siku nane alizochelewa alikuwa amesimama kwenye kaburi la ndugu yangu.

Alhamisi kikao kilikaa katika ofisi ya Waithaka. Niliacha toroli ya vitabu katikati ya mlango wa maktaba, nikashuka orofa moja, nikaingia. Waithaka alikuwa nyuma ya meza. Debra alikaa upande mmoja. Upande wa pili alikaa kijana mwenye kofia, miguu ameinyoosha kama yuko kwao Woodley. Huyo ndiye Lenox.

"Dada," Waithaka akasema, "hiki ni kikao cha idara. Kama ni vitabu, nitakuja baadaye."

"Sikuja kwa vitabu. Mimi ni Mhojiwa wa Saba."

"Mhojiwa wa nini?"

"Fungua ukurasa wa thelathini na moja wa Debra."

Alifungua. Tafiti zote mbili zilikuwa mezani. Nikamwomba afungue pia wa Lenox, na nikasoma nikiwa nimesimama. Mhojiwa wa Saba wa Lenox alisema hivi: "Dada yangu alikuwa akijisomea ngazini, kwa vile taa ya ploti ilikuwa huko juu, nasi ndani tulikuwa na kibatari."

Maneno yalikuwa yamebadilishwa ili kuichanganya mashine. Koroboi ikawa kibatari. Balbu ikawa taa. Na kaka yangu akawa dada. Nilihisi masikio yakiwaka. Chuo hiki kilikuwa kimemfanya ndugu yangu mwanamke mara mbili katika mwezi mmoja, mara ya kwanza kaburini.

"Haya ni maneno yangu," nikasema. "Nilimwambia Debra mwezi wa kwanza, kwenye meza ya maktaba. Huyu kijana namuona leo."

Waithaka akamgeukia. "Lenox?"

Lenox aliniangalia, na nikaona akifikiri. Kisha akavuta miguu yake. "Ai, Mwalimu, mimi nilihoji watu wengi. Lakini huyu mathe... eeh, ni yeye. Nakumbuka sasa. Riruta. Sasa mathe, umenisahau?"

Mathe, yaani mama. Mtu nisiyemjua alikuwa ananiambia nimemsahau.

"Basi," Waithaka akasema, akifunika kalamu yake, "inawezekana ulihojiwa na wote wawili. Una msiba, dada, kichwa kina mambo mengi. Watu husahau."

"Sina dada. Tulizaliwa wawili, mimi na Tobias."

"Hilo ni kosa la kuandika. Hutokea."

"Hutokea, ndiyo," nikasema. "Hata kwaya ya akina mama ilitokea."

Alijifanya hakusikia, lakini shingo yake ilibadilika rangi.

Hapo nilikuwa karibu kutoka na kubamiza mlango. Kilichonizuia ni jambo ambalo Tobias alirudia kila Jumatano: chanzo kikiwa ni mtu, usibishane juu yake, rudi umuulize tena. Nilikuwa nimesimama hapo nikibishana kama wakili, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa chanzo.

Nikachukua karatasi kwenye pipa lake la taka, iliyochapishwa upande mmoja. Nikaichana mara nne. Nikampa Debra kipande, na Lenox kipande.

"Kila mtu aandike. Msiangaliane. Swali ni moja. Hiyo ngazi aliyosomea ndugu yangu, ilikuwa ngazi gani?"

"Ngazi ni ngazi," Lenox akasema.

"Andika hivyo hivyo, kama ndivyo nilivyokuambia."

Waithaka alitaka kusema kitu, akaacha. Nadhani na yeye alitaka kujua. Debra aliinama akaandika haraka. Lenox alitazama dari, kisha akaandika, na alipomaliza aliongeza kitu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

Waithaka alisoma cha Lenox kwanza, kwa sauti. "Ngazi ya simiti, ya kupanda orofa ya tatu. Tulikaa hapo hapo kwa hiyo ngazi tukiongea, akanionyesha taa."

Kisha akasoma cha Debra. "Ngazi ya mbao, ya kupandia tangi la maji uani. Vidato saba. Cha tatu kilikuwa kimekatika, kikafungwa na mpira wa baiskeli."

Akaniangalia.

"Ploti ya Thuo haina orofa," nikasema. "Haijawahi kuwa nayo. Ni mabati mstari mmoja. Iko mpaka leo karibu na Naivasha Road, panda gari uende uone. Na tangi liko. Ngazi ndiyo imeoza."

Lenox alichukua kipande cha Debra, akakisoma mwenyewe, na uso wake ukafunguka kwa mshangao wa kweli, wa kwanza tangu niingie.

"Kwani kuna ngazi gani ingine?" akasema. "Si ingeandikwa!"

"Ingeandikwa wapi?" Waithaka akauliza, polepole.

Lenox alifunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Akavua kofia. "Kasyoki wa saiba. Alisema ni ya mwaka jana. Alisema mwenyewe ashamaliza. Mimi ningejuaje ni ya huyu, Mwalimu? Nilibadilisha hata maneno."

"Kasyoki ndiye aliyenichapia," Debra akasema, na sasa ndiyo akalia.

Ningetaka kuandika kwamba Waithaka alisimama akamwomba msamaha. Alichofanya ni kumgeukia na kumuuliza kwa nini katika utafiti wake hakufafanua ni ngazi ya aina gani.

"Mwalimu Tobias aliniambia. Aliandika kwenye risiti. Nilisahau kurekebisha."

"Basi jina litarudi kwenye orodha. Lakini hapo utakatwa alama. Ni neno lenye utata."

Nilipiga meza. Sijawahi kupiga meza ya mtu. Kalamu yake iliruka ikaanguka.

"Utamkata alama kwa kosa ambalo ndilo peke yake limemwokoa? Angeandika wazi, huyu naye angenakili wazi, na leo tungekuwa tunamfungia Debra mlango. Na alama utakata kwa sababu ipi? Kwa sababu Tobias alimwambia? Wewe uliona lile swali la kijani wapi, kama risiti mliuza kwa mtu wa karatasi?"

"Dada, punguza sauti."

"Risala uliyosoma kaburini uliipata wapi?"

"Nilipewa tu. Nikasoma."

"Ulipewa na nani? Nani mwingine anasema Tobias alikuwa jikoni? Ukurasa gani?"

Aliinama kuokota kalamu, na alikaa chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu inavyohitaji. Alipoinuka alisema, akiangalia dirisha, kwamba alama hazitakatwa. Hakusema kingine. Nikarudi orofa ya nne, nikakuta watu wawili wamejikwaa kwenye toroli yangu.

Debra alirekebisha neno hilo kabla ya nakala kujalidiwa. Alikuja kunionyesha: kwenye rasimu alikuwa amepiga mstari mmoja tu juu ya "ngazi", ili kosa lionekane, kama Tobias alivyowafundisha, na juu yake akaandika "ngazi ya mbao ya kupandia tangi". Sasa iko kwenye rafu. Niliipanga mwenyewe. Jina la Tobias halimo, kwa sababu wahojiwa na ndugu zao hawatajwi. Hilo pia alikuwa amelifundisha.

Jumatano iliyofuata, saa nane, nilikuwa napangusa meza yake. Hawajaajiri mtu. Hawana haraka. Mlango ukafunguka, akaingia Lenox, bila kofia, akatazama maktaba yote kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe.

"Niaje... shikamoo. Mwalimu Waithaka amesema nianze upya. Amesema wewe utanisaidia."

Waithaka hakuwa ameniuliza. Hakuniandikia hata mstari. Alinitumia kijana tu, kama anavyotuma vitabu vya kurudisha. Hasira ilinipanda mpaka nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa yanamstahili.

Nikachukua karatasi ya upande mmoja. Nikaikata mara nne. Nikamsukumia kipande na kalamu ya kijani, ile niliyoikuta mfukoni mwa koti la Tobias.

"Kaa hapo."

"Naandika nini, mathe?"

"Mimi si mathe wako. Ule utafiti wa kwanza. Umeipata wapi?"

"Si unajua?"

"Najua. Andika."

Alikaa. Alishika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika maneno manne, akanisukumia karatasi bila kuniangalia: Saiba, kwa Kasyoki. Nilinunua.

Nikaisoma mara mbili. Nikafungua droo tupu, nikaandika jina lake kwenye kadi, nikaiweka ndani. Ndiyo risiti ya kwanza.

"Haya," nikamwambia. "Unataka kutafuta nini? Na usiniandikie barua."